MUULIZE MJOMBA: Mgebuka wa kwenye mzunguko kala shilingi ngapi?

Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zinamhusu samaki mmoja, na samaki mwenyewe hata haliwi. Kwa ambaye picha haijamfikia wasap: kuna mji mmoja ndani ya mkoa wetu huu wa Kigoma, jina naliacha maana wenyewe wanajijua na mi sitaki kuitwa ofisini kunywa chai, halmashauri yao imejenga sanamu ya mgebuka kwenye mzunguko wa kuingilia mjini, na tangu kitambaa kivutwe watu hawajalala, kuna wanaomcheka samaki, kuna wanaolilia hela, kuna wanaomtafuta fundi. Nimechagua chache. Zingine nimezikata katikati kwa sababu ya matusi, na moja nimeitupa yote, aliyeandika anajua.

Shikamoo Mjomba. Mimi mvuvi mstaafu wa Katonga, nyavu nimevuta tangu ujana mpaka mgongo ukakataa. Nilienda harusini huko kwenye huo mji wanaousema, dereva akapunguza mwendo kwenye mzunguko ili tumuone huyo samaki. Mjomba yule sio mgebuka. Magamba yamechorwa moja moja ukubwa wa kiganja, mgebuka gani ana magamba hayo, pezi la mgongoni limeunganishwa kutoka shingoni mpaka mkiani wakati sisi tunajua la mgebuka limegawanyika na la mbele lina miiba inachoma kweli kweli, alafu mdomo uko wazi anacheka. Samaki anacheka nini? Hivi walishindwa kumuuliza hata mvuvi mmoja?

Marahaba mzee wangu, pole na mgongo. Picha nimeikuza kwenye simu mpaka ikavunjika na nakubaliana nawe kwa kila pezi. Mgebuka ni mwembamba, mrefu, anang'aa fedha, magamba yake madogo hata ukimparua huoni kitu kikubwa kinaruka, huyu wa kwao ana tumbo la mwenyekiti wa kikao. Mi naona aliyechorwa ni sato aliyevutwa mkia.

Kuhusu kuuliza mvuvi, mzee wangu, fikiria kikao chenyewe kilivyokaa. Kuna mhandisi, yeye anauliza msingi unaenda chini futi ngapi. Kuna mtu wa manunuzi, yeye anauliza risiti. Kuna mhasibu, anauliza kifungu. Afisa utamaduni labda aliitwa labda alikuwa safari. Katika makaratasi yote hayo kuna mahali pa kujaza nondo za milimita ngapi na simenti mifuko mingapi, ila pa kujaza "je huyu ni samaki gani" hakuna, kwa hiyo hakuna aliyekosea kujaza. Ukienda kulalamika utaambiwa mradi umekamilika kwa viwango, na ni kweli, zege ni zuri.

Anacheka nini? Unakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, mitumbwi ikalala mchangani, sokoni tukawa tunauziwa maharage kwa bei ya mgebuka na mgebuka kwa bei ya mbuzi. Samaki ambaye havuliwi msimu wowote ana haki ya kucheka.

Mjomba mambo vipi, niko Mwanga hapa. Hiyo hela ya samaki ni kiasi gani? Maana kijiweni kila mtu ana bei yake, bodaboda anasema hivi, muuza mawese anasema mara mbili yake, jana kapita mtu kutoka Kasulu akaja na figa ambayo hiyo ungejenga daraja. Mi nataka figa ya kweli tu basi nilale.

Poa sana. Figa mi sina na nisingependa kuongeza ya kwangu juu ya hizo tatu. Lakini kuipata inawezekana, tatizo letu tunapenda kuipata kijiweni ambako ni bure na ina sukari.

Sikiliza. Manunuzi ya serikali siku hizi yanapita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza 2023 badala ya ule wa zamani wa TANePS, na zabuni zikishatolewa matokeo yanawekwa humo, aliyeshinda ni nani na kwa bei gani. Unaingia kwa simu yako hiyo hiyo unayosambazia picha. Kama huoni kitu basi kuna uwezekano kazi haikutolewa kwa mkandarasi mmoja, ilifanywa kwa fosi akaunti, yaani halmashauri inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi ufundi peke yake, na hapo gharama inakuwa vipande vipande, simenti huku, rangi kule, mafuta ya gari lililobeba mchanga pengine, na ndo maana kila mtu kijiweni anaweza kuwa amesikia kipande chake cha ukweli.

Njia ya pili ni barua. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, raia wa Tanzania anaruhusiwa kuomba taarifa iliyoko kwenye taasisi ya umma na wao wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30, iwe ndio au hapana na sababu. Andika karatasi moja, usiweke matusi, usiweke methali, usimtaje diwani, omba makadirio ya gharama na malipo halisi ya mradi wa sanamu, basi. Watu wangu mnaandika barua kurasa nne mnaanzia uhuru ulipopatikana, mtu wa masjala akifika ukurasa wa pili anaenda kula.

Ya tatu ni kukaa kwenye kikao cha baraza la madiwani. Vikao vya kawaida vya baraza viko wazi kwa wananchi, unaingia unakaa kwenye viti vya nyuma kimya, huruhusiwi kuchangia. Wengi hawajui na wanaojua hawaendi, viti vile vimekaa vipya mpaka leo.

Mjomba, wabomoe wasibomoe? Jibu fupi tafadhali. Msomaji, Gungu.

Wasibomoe. Kubomoa nako kuna zabuni.

Mwakeye Mjomba. Mimi ni mama nauza dagaa kwenye mwalo mmoja siutaji. Nimesoma habari za huyo samaki nikalia. Choo cha kwetu hakina mlango, tunashikiana kanga, mmoja anaingia mwingine anasimama. Ushuru natoa kila siku na risiti ya mashine napewa. Maji yenyewe ya bomba yanakuja usiku wa manane. Barabara ya kushuka mwaloni mvua ikinyesha ni mto. Hivi watu hawa wana akili kweli, samaki wa simenti ana faida gani kwetu sisi tunaouza samaki wa kweli?

Mwakeye mama yangu, na pole. Naomba nikujibu kwa kukukasirisha kidogo kwanza. Maji sio ya halmashauri, yapo chini ya mamlaka ya maji, wana bajeti yao na bosi wao. Barabara ya kushuka mwaloni tangu 2017 ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ile kubwa ya lami inayotoka mkoani ni ya TANROADS. Ukienda na malalamiko yote matatu mlango mmoja watakugawanya, huyu atakuelekeza kwa yule, utarudi jioni na nauli imekwisha. Na tukisema ukweli wakiacha kujenga samaki, ile hela haitageuka kuwa maji, maana haikuwa kwenye ndoo hiyo.

Lakini choo, mama, choo cha mwalo unaolipia ushuru ni chao asilimia mia. Hapo umewashika. Ushuru wako wa dagaa unaingia kwenye kitu wanaita mapato ya ndani, na ni kwenye mapato hayo hayo ndo wanatoa posho za vikao, ndo wanatoa ile asilimia 10 ya mikopo, 4 ya wanawake 4 ya vijana 2 ya watu wenye ulemavu, na mara nyingi ndo wanatoa vitu vya kupendezesha mji kama samaki huyo. Kwa hiyo swali lako likikaa sawa linakuwa hivi: shilingi iliyotoka kwenye beseni langu imepita mlango wa choo ikaenda kwenye mzunguko, nani aliipitisha na kikao cha tarehe ngapi. Swali hilo halina pa kukimbilia, wala TARURA haiwezi kulichukua.

Sasa nikwambie kitu ambacho hakuna anayekisema kwenye magrupu. Huyo samaki kosa lake kubwa ni kwamba anaonekana. Amesimama juani, ana macho, kila anayepita anamuona na kuuliza bei. Nionyesheni mafuta ya gari ya mwaka jana. Nionyesheni ile semina ya siku nne ya kujengeana uwezo iliyofanyika mkoa mwingine wakati ukumbi upo hapa na una feni. Chapati na soda za vikao. Matengenezo ya gari ambalo kila mwezi linatengenezwa na kila mwezi limesimama chini ya mwembe. Vyote hivyo mama vimekula ushuru wako na hakuna hata kimoja kilichopigwa picha kikachekwa. Mi ningekuwa mkurugenzi mwenye hila nisingejenga sanamu hata siku moja, ningeitisha warsha. Warsha haina pezi la kukosea.

Kwa hiyo mimi simpendi yule samaki ila namuonea huruma, anabeba matusi ya vocha nyingi sana ambazo hazina sura. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila mwaka anampelekea Rais ripoti yake mwisho wa Machi na halmashauri zimo humo, wasomaji wangu wangapi mmewahi kufungua ukurasa wa halmashauri yenu? Lakini samaki siku moja tu, tayari amevalishwa miwani na kofia ya chama kwenye simu.

Kuhusu choo, mama, usiende peke yako. Kusanyeni majina ya wauzaji na picha ya hiyo kanga ikiwa mlangoni (ya kanga, sio ya mtu), mpelekeeni mtendaji wa kata kabla bajeti haijapikwa, maana mwaka wao wa fedha unaanza 1 Julai na mambo yanapangwa miezi mingi kabla. Mkienda Juni mtapewa soda na maneno matamu.

Mjomba salaam. Naomba usiandike ninakoishi. Mimi ndo nilimjenga huyo samaki. Nasoma maneno ya watu usiku silali, mke wangu amefuta wasap. Ukweli ni huu, niliitwa na mtu aliyepewa kazi, mi sikuwahi kuona mkataba wowote, alinitumia picha kwenye simu akasema jenga hii. Picha yenyewe nadhani ilitoka kwenye intaneti, samaki wa nchi gani sijui. Nikamwambia bosi mgebuka hayuko hivi, akasema hii imeshapitishwa ukibadilisha hatulipwi. Nikafunga nondo, nikavisha weamesh (wavu wa chuma), nikapiga plasta mikono mitatu, magamba nilichora kwa mwiko na kifuniko cha soda mbichi mbichi usiku kwa taa ya simu maana mgeni rasmi alikuwa anakuja asubuhi. Ile rangi ya fedha iliisha, mkia nikamalizia na ya mabati. Nililipwa kwa siku kama kibarua wa kuchanganya zege. Je nina haki gani? Na mdomo kucheka ni plasta ilishuka kabla haijakauka, naomba watu wajue.

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili na ya pili nilisimama. Wasomaji naomba mrudi juu mkasome tena hapo kwenye kifuniko cha soda, alafu mchukue simu mfute zile picha za miwani.

Tuanze na hela. Makubaliano yako yalikuwa na huyo mtu aliyekuita, sio na halmashauri, na kama ulikubali malipo ya siku na ukalipwa, hapo pa kudai ni padogo. Inauma lakini ndo hali. Kazi ya sanaa ikiingizwa kwenye makaratasi kama kazi ya ujenzi, anayeshinda ni mwenye leseni ya ujenzi na mashine ya risiti, msanii anaingizwa mlango wa nyuma pamoja na mchanga. Bei ya "sanamu" inabaki mezani, kwako inashuka bei ya "plasta". Hii sio ya mji wenu tu.

Jina ni habari nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema mtunzi wa kazi ya sanaa, na sanamu imo, ana haki ya kutambulika kuwa ndiye mtunzi na haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima, na haki hiyo inabaki kwako hata kama kazi yenyewe ilishauzwa. Hapo chini ya sanamu najua wameweka kibao cha marumaru chenye jina la mgeni rasmi. Jina lako halipo. Una haki ya kuliomba, japo kwa hali ya hewa ilivyo ningekushauri usubiri kidogo. COSOTA ndo wanaoshughulikia hakimiliki, BASATA ndo wanaosajili wasanii, na ukiwa umesajiliwa safari ijayo unaweza kuingia kwenye kazi ukiwa na karatasi yako mkononi, tena uombe mkopo wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa badala ya kukopa simenti kwa Mangi.

Ushauri wangu wa mtaani: safari ijayo jenga kwanza samaki mdogo wa urefu wa mkono, kwa udongo tu, peleka mwaloni wavuvi wamtukane pale pale, rekebisha, alafu mpelekee bosi akisaini hapo ndo ufunge nondo. Yule mzee wa Katonga angekurekebishia pezi bure kwa kikombe cha kahawa. Na zile barua mbili zilizokuwa zinakutafuta nimezichana.

Habari Mjomba, mimi mwanafunzi wa chuo, natokea Kibondo. Je haya mambo ya kugombania sanamu yako kwetu tu au na kwa wenzetu? Nataka nijue kama sisi ni washamba.

Washamba sio sisi peke yetu, ondoa shaka. Jirani zetu Kenya, mji wa Eldoret, Agosti 2024 walikuwa wanajiandaa kutangazwa jiji, wakasimamisha sanamu za wanariadha mjini, na pale ndo kwao kwa wanariadha wanaoshinda dunia nzima. Watu wakazicheka mitandaoni vibaya sana, zikaondolewa haraka haraka kabla Rais hajafika kwenye sherehe. Uliza sasa nani alilipia kuziweka na nani alilipia kuzitoa.

Mwaka huo huo mwezi wa pili kule Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika, ilizinduliwa sanamu ya Mwalimu Nyerere, Watanzania tulichofanya wote tunajua, tuliacha kila kitu tukaanza kupima paji la uso. Ronaldo naye uwanja wa ndege wa Madeira 2017 aliwekewa kichwa cha shaba ambacho hata mama yake angekisalimia kwa mashaka, mwaka uliofuata kikabadilishwa.

Dakar, Senegal, wao walienda kwa ukubwa. Mnara wa Mwamko wa Afrika, mita 49, ulijengwa na kampuni ya Korea Kaskazini ukazinduliwa Aprili 2010, gharama ilitajwa kuwa kama dola milioni 27. Watu wakalalamika hela, mashehe wakalalamika nguo fupi za mwanamke aliyechongwa pale, alafu Rais wa wakati huo, Abdoulaye Wade, akasema yeye ndo mwenye wazo kwa hiyo asilimia 35 ya mapato ya watalii ni yake. Sisi bado hatujafika huko, mkurugenzi wetu hajaomba asilimia ya samaki. Nisimpe wazo.

Ila ninaoupenda mimi ni mkasa wa Chicago. 1967 walisimamisha mbele ya jengo lao la serikali kitu cha chuma cha mita 15 na tani zaidi ya 140, kazi ya Picasso, na mpaka leo hakina jina, wengine wanaona mwanamke, wengine mbwa, wengine nyani. Diwani mmoja alisimama akasema kitolewe kiwekwe sanamu ya mchezaji wao wa besiboli, Ernie Banks. Sasa angalia hela ilivyokaa: Picasso aliandaliwa dola 100,000 akazikataa, akasema ni zawadi kwa watu wa mji, na gharama ya kukijenga, zaidi ya dola 350,000, ilitoka kwenye mifuko ya hisani. Watoto wanatelezea pale chini mpaka kesho na watu wa Chicago ukikigusa wanakasirika. Nadhani kilichosaidia ni kwamba hakuna mama muuza dagaa aliyeweza kusema kile chuma ni mlango wa choo chake. Watu wanavumilia sana sura mbaya kama hawakuilipia.

New York nako, Richard Serra alilipwa na serikali yao 1981 kujenga ukuta wa chuma wa mita 36 katikati ya uwanja wa maofisi, wafanyakazi wakakasirika maana walilazimika kuuzunguka kila siku kwenda kula, wakaitisha kikao cha hadhara watu wakasema ya moyoni, mwishowe 1989 ukakatwa vipande. Msanii alishitaki akashindwa. Walau wao kelele zilikuwa na kikao.

Mjomba, sisi wa Ujiji tunauliza, kwanini kila sanamu na kila mnara ni wa samaki au wa mzungu? Kwetu hapa kuna mnara wa Livingstone, kwenye makumbusho kulikuwa na wale wazungu wawili wa makaratasi wanavuliana kofia, watoto wetu wanakua wanadhani historia ilianza na kofia. Kama hela ya sanamu ipo si bora wangetujengea mtu wetu?

Hapo mmenigusa wajukuu wa Ujiji. Mnara ule wenye ramani ya Afrika na msalaba ni wa 1927, na mwaka huo huo Dar es Salaam wakaweka lile sanamu la Askari pale ambapo Mjerumani alikuwa ameweka la gavana wake Wissmann. Soma maandishi yaliyopo chini ya Askari utaona yanawataja na wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini juu kabisa aliyesimama ni mwenye bunduki. Mpagazi amebaki kwenye maandishi, na maandishi nani anasoma akiwa kwenye daladala.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa inaishia hapo kwenu, kilomita kama 1,200 kwa miguu, tangu 2006 iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania kule UNESCO, inasubiri. Na siku Stanley, yule mzungu wa pili aliyekuja kumtafuta Livingstone, anaingia Ujiji 1871 aliyemkimbilia wa kwanza akamsalimia kwa kizungu sio Livingstone, ni Susi, mtumishi wake. Abdullah Susi huyo huyo pamoja na James Chuma ndo baadaye 1873, Daktari Livingstone alipofia kule Zambia ya leo, waliongoza wenzao kubeba maiti yake kwa miguu miezi na miezi mpaka Bagamoyo. Yule wa kofia amepata mnara, wa kumbeba hana hata mtaro wenye jina lake.

Mkiamua kumjengea Susi mimi nachangia mfuko mmoja wa simenti na naleta fundi ninayemjua, anajua kufanya kazi hata kwa taa ya simu. Ila masharti yangu matatu. Mkutano wa mtaa uitwe kabla, sio baada. Gharama ibandikwe ukutani pale pale, nondo ngapi, fundi anakula ngapi. Na jina la fundi liandikwe kwenye kibao, la mgeni rasmi litoshe kwenye kadi ya mwaliko.

Mjomba, kuna taa mbili wameweka kwenye macho ya huyo samaki, moja imeungua wiki ya pili tu, usiku anakonyeza magari. Nimwambie nani?

Inategemea jicho limeungwa wapi. Kama limeungwa kwenye nguzo za taa za barabarani anza na TARURA, kama lina waya wake wenyewe na luku yake basi ni mali ya halmashauri, pitia kwa mtendaji wa kata. Peleka barua nakala mbili, moja waache, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe ubaki nayo. Na usipande kulibadilisha mwenyewe, kuna kijana ameniandikia anataka kufanya hivyo, umeme ule hauna utani.